Mwalimu Akipanda, Nitapanda

Karatasi zilikuwa thelathini na nane. Kwenye swali la tisa niliweka alama za vema thelathini na saba na mkasi mmoja wa kosa.

Nilizisahihisha Jumapili mchana, baada ya misa, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga Lumemo. Joto lilikuwa lile la Ifakara la mwezi wa kumi na moja, mvua inakaribia na haiji. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji. Mwaka ule shule yetu iliingizwa kwenye mradi wa elimu ya madhara ya pombe, na kwa kuwa mada ya ini na figo ni yangu, mkuu wa shule alinikabidhi mimi. Vilikuwa vipindi sita, baada ya masomo, kwa kidato cha tatu. Kabla ya kipindi cha kwanza wanafunzi walijaza dodoso la maswali kumi na mawili. Baada ya kipindi cha sita walijaza lile lile, na hizo ndizo karatasi nilizokuwa nazo. Ukitoa alama za mwanzo kwenye alama za mwisho unapata walichojifunza. Ndivyo alivyonieleza afisa wa mradi, kijana mpole aliyekuja kutoka Morogoro na mkoba wa kompyuta mgongoni, na mimi niliona ni sawa kabisa. Tangu nianze kufundisha nimepima watu kwa karatasi.

Swali la tisa lilisema hivi: "Dereva wa gari unalotaka kusafiria amekunywa pombe. Utafanya nini?" Mwongozo wa kusahihisha ulisema jibu ni kukataa kupanda au kutafuta usafiri mwingine, na jibu lolote tofauti ni sifuri.

Wanafunzi thelathini na saba walikataa kupanda. Wengine walikataa kwa mbwembwe, wakaongeza kwamba watampigia simu askari wa barabarani na kuwaelimisha abiria wenzao. Mmoja aliandika: "Inategemea. Mwalimu akipanda, nitapanda."

Karatasi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, lakini mwalimu anayejua kazi yake anajua miandiko. Mwandiko huo ulikuwa wa msichana mmoja anayekaa karibu na dirisha. Baba yake alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya upande wa Kidatu, na yeye aliishi Ifakara kwa mama yake mdogo ili asome. Darasani alikuwa haongei. Katika vipindi vyote sita alisema mara moja tu, siku nilipouliza pombe inaidhuru vipi familia. Wenzake walitaja vipigo, magomvi na talaka. Yeye alisimama akasema, "Baba akilewa hampigi mtu. Analala tu. Sisi ndio tunalala njaa," akakaa.

Nilipoona jibu lake nilifikiri amefanya mzaha, au amechoka. Nikapiga mkasi mwekundu, na pembeni nikaandika: Soma swali vizuri.

Jumatatu mkuu wa shule alibandika wastani wa darasa kwenye ubao wa matangazo. Alama zilikuwa zimepanda sana. Alifurahi, akasema darasa lile linastahili zawadi, na Jumamosi twende Sanje kwenye maporomoko ya maji, wakasome uoto wa msitu na wakacheze kidogo. Ilikodiwa Coaster. Dereva alikuwa mzee tuliyemfahamu sote.

Mzee huyo inabidi nimweleze vizuri, maana bila hivyo mtu atanishangaa. Alikuwa na umri wa kama miaka sitini na tano, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo kanisani, mtu wa Mahenge kama wazazi wangu. Wanafunzi walimwita babu, na mimi pia nilimwita babu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyepanga magari ya kupeleka mwili nyumbani, yeye ndiye aliyeongoza rozari siku zote tatu, na hakudai hata shilingi ya mafuta. Miaka yote aliyoendesha hakuna aliyewahi kusikia amegonga hata mbuzi wa mtu. Mkuu aliposema dereva ni yeye, wazazi waliokuwa wanasitasita walitia saini fomu.

Asubuhi ya safari ilikuwa njema. Tulikuwa walimu wawili: mimi na mwalimu wa taaluma, mwanamume aliyenizidi miaka kumi hivi, mtaratibu, asiyependa kelele. Watoto waliimba tangu Kibaoni hadi Mang'ula. Babu aliendesha polepole, akiwapungia mkono watu aliowajua, na karibu kila kijiji alikuwa na anayemjua. Pale Sanje alituambia anakwenda kutoa pole kwenye msiba wa ndugu yake wa mbali, nyumba ya tatu kutoka barabarani, na kwamba tukiteremka tutamkuta kwenye gari.

Tulipanda mlima na mwongozaji, tukaona maji, watoto wakalowa, wakacheka, wakaandika majina ya mimea vibaya. Saa tisa na nusu alasiri tulikuwa tumerudi chini. Gari lilikuwepo, babu hakuwepo. Tulisubiri kwenye kivuli cha kibanda cha ndizi. Saa kumi na robo tukamwona anakuja kutoka upande wa msibani, koti ameliweka begani, anatembea katikati ya njia kama mtu anayepima hatua.

Wanafunzi walisimama. "Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wajukuu zangu! Marahaba, marahaba!"

Harufu ya gongo ilikuja pamoja na ile marahaba. Anayeijua hawezi kuikosea. Inakukaba puani na kukaa hapo. Niliwaangalia wanafunzi wa mbele, nikaona na wao wameisikia, kwa sababu ghafla kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliinua macho wakanitazama mimi.

Nilimvuta mwalimu mwenzangu nyuma ya gari.

"Mzee amekunywa," nilisema.

"Nimeona."

"Tufanyeje?"

Aliangalia saa, akaangalia barabara. "Amekunywa kidogo tu. Msibani hawawezi kumwacha mtu mkavu. Ataendesha polepole."

"Mwalimu, hawa watoto nimewafundisha wiki sita."

"Najua. Sasa utamwambia nini? Mtu mzima yule, mbele ya watoto? Na ukishamwambia, tunarudi na nini? Giza linaingia saa moja kasoro. Una gari jingine mfukoni?"

Sikuwa na gari jingine. Ningependa kuandika kwamba nilifikiria usafiri, muda na usalama, nikapima. Ukweli ni kwamba nilifikiria namna nitakavyomtazama usoni Jumatano kwenye jumuiya. Nilifikiria siku tatu za rozari nyumbani kwetu. Nikajiambia kilometa hamsini hivi ni fupi, barabara imetengenezwa na mzee anaijua kama kiganja chake. Nikaja mlangoni nikapanda. Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, mkoba mapajani.

Wakapanda wote. Yule msichana alikuwa wa mwisho. Alisimama chini, mkono kwenye mlango, akanitazama. Hakukuwa na lawama kwenye macho yake. Alikuwa anahakikisha tu. Kisha akapanda, akakaa, akafunga mlango.

Mwanzo gari lilikwenda vizuri, hata nikaanza kujicheka moyoni kwa woga wangu. Babu alikuwa anasimulia habari za marehemu, jinsi alivyokuwa hodari wa kulima mpunga. Lakini alikuwa anageuza kichwa anaposimulia. Alitaka tumwone usoni. Kila alipogeuka, gari nalo lilihama kidogo kulia, halafu linarudishwa kwa nguvu. Nyuma hakuna aliyeimba. Asubuhi walikuwa wamenichosha kwa kelele, na sasa nilikuwa nasikiliza kama kuna hata mmoja anayepumua.

"Babu, polepole," alisema mwalimu wa taaluma kutoka kiti cha mbele.

"Polepole tuko, mwanangu. Tuko polepole."

Tuliyakuta matrekta ya miwa. Wakati ule wa mwaka barabara ya upande ule imejaa. Trekta moja linavuta matela mawili, miwa imetoka pembeni kama nywele zisizochanwa. Babu alifuata nyuma ya trekta kwa muda, akipiga honi, akilalamika. Halafu bila kusema kitu akatoka kulia.

Tulikuwa tumefika usawa wa tela la mbele nilipoiona bodaboda. Ilikuwa inakuja kwetu moja kwa moja, mwanamke amepakiwa nyuma, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga. Nilisubiri babu akanyage breki. Hakukanyaga. Nilisikia mtu anapiga yowe, nadhani nilikuwa mimi. Kijana wa bodaboda akaitupa pikipiki nje ya barabara, kwenye majani, na sisi tukapita. Nilipogeuka dirishani nilimwona amesimama, miguu yote miwili chini, mama ameshuka tayari, anamvua mtoto mgongoni na kumkagua. Walikuwa wazima.

"Vijana wa bodaboda hawana akili," alisema babu.

Nyuma yangu msichana mmoja alianza Salamu Maria kwa sauti ndogo, wengine wakaitikia. Hapo ndipo nilipoyakumbuka yale maneno: mwalimu akipanda, nitapanda. Nilikuwa nimempa sifuri. Watoto thelathini na wanane walikuwa ndani ya lile gari kwa sababu mimi nilikuwa ndani yake, na ni mmoja tu aliyeijua sababu hiyo mapema kiasi cha kuiandika.

Niliinuka. Nikashika kiti cha mbele yangu. "Babu, simama."

"Kuna nini tena?"

"Kuna mtoto anataka kutapika."

Hata wakati ule nilidanganya. Nilikuwa tayari kufa na watoto wa watu kuliko kulitamka lile neno.

Alisimama karibu na mwanzo wa nyumba za Mang'ula. Nikafungua mlango nikawaambia wanafunzi washuke wote, na mabegi yao. Walishuka haraka kuliko siku zote. Waliposhuka wote nilirudi dirishani kwa dereva. Mwalimu wa taaluma alikuwa bado amekaa mbele.

"Babu, naomba unisamehe," nilisema. "Hatupandi tena. Umekunywa."

Alinitazama. Macho yalikuwa mekundu na yamejaa maji. "Unaniita mimi mlevi?"

"Sijasema mlevi. Nimesema umekunywa."

"Mbele ya watoto?"

"Ndiyo, babu."

"Mama yako nilimzika mimi," alisema. Hakupaza sauti. "Nilimbeba kwa mikono hii. Leo unaniangusha barabarani kama gunia."

Watu walikuwa wameanza kusogea, wauza maembe, vijana wa bodaboda, mama mmoja na beseni kichwani. Babu akashika ufunguo ili awashe gari aondoke. Ndipo mwalimu wa taaluma, yule asiyependa kelele, aliponyoosha mkono akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati na kushuka. Babu alibaki ameshika usukani wa gari lililozimwa.

Nilimpigia mkuu wa shule. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kuna aliyeumia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umewashusha watoto wa watu barabarani jioni, na hakuna aliyeumia?"

"Mkuu, alikuwa atuue."

"Alikuwa," alisema. "Warudishe nyumbani. Wazazi wasisikie haya kabla yangu."

Basi la kwanza lililotoka Morogoro lilichukua wanafunzi ishirini, mwalimu wa taaluma akaenda nao, ufunguo bado mfukoni; babu alirudishiwa kesho yake. Mimi nilibaki na kumi na wanane, tumekaa kwenye ukingo wa mtaro, migongo yetu imegeukia mlima. Yule msichana alikuja kukaa karibu yangu. Alikuwa amevua viatu, soksi bado mbichi.

"Swali la tisa," nilimwambia. "Nilikupa mkasi. Nitalirekebisha."

"Mwalimu, kwani jibu sahihi lilikuwa lipi?"

"La kwako lilikuwa kweli."

"Lakini siyo sahihi."

"Hapana. Siyo sahihi."

"Basi acha mkasi," alisema. Alikuwa anakamua soksi. "Mimi nilijua nitapanda. Nikasema nisidanganye."

Basi la pili lilipofika nilimwendea dereva wake dirishani, mbele ya wanafunzi wote, nikamuuliza kama amekunywa. Konda alicheka. Dereva hakucheka. Alisema, "Mwalimu, mimi nimeokoka," kisha akainamisha kichwa dirishani na kunipulizia pumzi usoni. Ilinuka karanga. Tukapanda.

Jumatatu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa ameshazungumza na wazazi wachache, akawaambia gari lilipata hitilafu. Mbele yake ilikuwa fomu ya ripoti ya mradi, ambayo mimi ndiye niliyetakiwa kuijaza na yeye kuigonga muhuri. "Alama ni nzuri," alisema. "Ya Jumamosi hayamo kwenye dodoso. Hakuna sehemu yake." Niliitazama ile fomu. Kweli hapakuwa na sehemu yake. Nikamwambia sawa.

Jumatano sikwenda jumuiya, wala Jumatano iliyofuata. Mtaani habari zilikuwa zimeshageuka: mwalimu wa kike amemdhalilisha mzee wa kanisa kwa sababu ya glasi moja ya msibani. Jirani yangu, mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliacha kunisalimia kwa siku nne. Nilikuwa naamka alfajiri, nawaza kwamba labda nilikuza mambo, labda ile bodaboda ilikuwa mbali kuliko nilivyoiona.

Jumamosi ya pili, asubuhi, nilikuwa nafua uani niliposikia hodi. Alikuwa babu, amevaa shati jeupe, kofia mkononi. Nilimkaribisha kiti, yeye akabaki amesimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mwalimu mwenzako ananiambia kulikuwa na pikipiki."

"Ndiyo, babu."

"Ina mama na mtoto."

"Mtoto alikuwa mgongoni."

Aliigeuza kofia mikononi. "Niliona pikipiki. Mtu mmoja, kijana. Mama sikumwona. Mtoto sikumwona. Nimelala na jambo hili wiki mbili. Nikifumba macho najaribu kuwaona, siwaoni. Hawapo. Kama tungewagonga, ningeapa mahakamani kwamba hawakuwepo."

Nilimletea maji. Aliyanywa yote. Aliniambia amemrudishia mwenye gari ufunguo, na kwamba amemwambia sababu yake. Nilimwambia pole, na alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo majirani waliliona.

Jioni ile nilichukua fomu ya ripoti. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu ya "maoni mengine". Niliandika kwamba kwenye swali la tisa wanafunzi thelathini na saba kati ya thelathini na wanane walijibu sahihi, na kwamba siku tano baada ya matokeo kubandikwa wote thelathini na wanane walipanda gari la dereva waliyejua amekunywa, na mwalimu wao akiwa wa kwanza. Mistari haikutosha, nikaendelea nyuma ya karatasi. Mkuu aliisoma Jumatatu. Alikaa nayo siku mbili. Alipoirudisha ilikuwa na muhuri, ila tangu hapo tulizungumza ya kazi tu.

Afisa wa mradi alikuja mwenyewe. Tulikaa maabara, kati ya vichupa vya konokono na mjusi ndani ya formalini. Alikuwa ameisoma ripoti, naona zaidi ya mara moja.

"Mwalimu, hii siwezi kuiingiza," alisema. "Mfumo unapokea namba."

"Basi nikupe namba. Naomba kipindi kimoja zaidi, bila karatasi."

"Unataka kupima nini?"

"Kama wanaweza kulisema. Kuliandika wameshaweza."

Alikubali, sijui kwa kuamini au kwa kunionea huruma, na akakaa nyuma ya darasa siku hiyo.

Tulipanga viti viwili viwili kama ndani ya gari. Nilimwomba mwalimu wa taaluma awe dereva. Nilidhani atakataa. Alikuja amevaa koti, akakaa kiti cha mbele, akashika usukani usiokuwepo. Mimi nilikuwa mwalimu. Nilipanda kwanza, nikakaa. Kila mwanafunzi alitakiwa kufika mlangoni, kumwamkia dereva, kisha kuamua.

Mara ya kwanza walicheka, wakapanda wote. Wengine walianza sentensi, "Babu, samahani, naona kama...", na mwenzangu aliwakata kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Unaona nini? Wewe mtoto wa nani?" Wakapanda. Kicheko kilikwisha polepole. Kiranja wa darasa, msichana mrefu aliyeandika kwamba atampigia simu askari, alisimama mlangoni mdomo wazi, machozi yakamtoka, akapanda akilia.

Tukasimamisha zoezi. Tulikaa chini tukatafuta maneno. Hilo ndilo ambalo sikuwahi kuwafundisha katika vipindi vyote sita: unamwambiaje mtu uliyetoka kumwamkia shikamoo kwamba humwamini? Walijua ini linavyoharibika. Sentensi hiyo hawakuwa nayo, na mimi pia sikuwa nayo kule Sanje. Waliitafuta wao wenyewe, wakibishana. Mmoja alisema aseme tu, "Babu, leo tunaomba upumzike kwanza." Mwingine alisema atashika tumbo. Mwingine alisema atasahau daftari, arudi kulifuata, asitokee tena. Nilisema uongo unaruhusiwa. Mimi mwenyewe niliutumia. Mmoja aliuliza, "Na kama mwalimu ameshapanda?" Nikawaambia, "Niambieni nishuke."

Mara ya pili walibaki chini watano. Mara ya tatu walibaki kumi na mmoja. Yule msichana wa dirishani alipanda mara mbili za kwanza. Mara ya tatu alimwamkia dereva, akarudi hatua moja nyuma, akasimama. Hakusema neno, na mwenzangu alipomfokea hakuinua kichwa. Mwongozo wa kusahihisha sikuwa nao. Nilikuwa na kalamu na daftari tu. Nilisita, kisha nikamhesabu.

"Kumi na mmoja," alisema afisa tulipotoka nje. "Kutoka thelathini na saba. Hii itaonekana kama wamesahau walichojifunza."

"Iandike hivyohivyo."

Aliiandika. Miezi iliyofuata niliona dodoso jipya, na swali la tisa lilikuwa limeondolewa, pengine ili namba zisigombane. Mwaka uliofuata mradi ulihamia shule nyingine, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Babu alirudi kuongoza jumuiya. Ninakwenda, ananiita mwanangu, hatujawahi kuzungumzia Sanje tena. Ameacha pombe au hajaacha, sijui. Gari hajashika.

Msichana alimaliza kidato cha nne na kwenda kusomea uuguzi. Mwalimu wa taaluma alihamishiwa Mlimba, na kazi ya kuwa dereva siku hizi anaifanya mlinzi wetu wa getini, ambaye ana sauti nzito na hasamehi. Kila mwaka naomba kipindi kimoja cha kidato cha tatu, mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua. Simwonyeshi mtu matokeo. Mwaka huu waliobaki chini walikuwa tisa, kati ya arobaini na wawili, na watatu kati yao waliniambia nishuke.